Barua Zilizolala kwa Msimamizi

Watu wa Babati wananijua kwa kicheko. Nikicheka pale stendi, wauza vitumbua wanajua nimefika kabla hawajaniona, na kuna wanaodai kicheko changu kimewahi kuamsha mgonjwa aliyekwisha kuagwa na ndugu zake. Basi mimi huyo mwaka huu niliogopa. Mavuno ya alizeti hayakuwa yamefika hata nusu, na tayari watu watatu walikuwa wameacha kazi chini yangu. Tajiri mwenye kiwanda alinisimamisha langoni, akanishika bega, akasema kwa upole ule wa daktari mwenye habari mbaya: "Akiondoka wa nne, kiongozi, utaondoka naye."

Hapo ndipo nilipoanza kumfikiria Msimamizi.

Jina lake nalijua. Silitaji kwa sababu katika miaka tisa niliyofanya kazi chini yake sikumsikia mtu akilitaja, hata wanawe walipokuja kumletea chakula. Alikuwa Msimamizi, mkuu wa sakafu nzima katika kiwanda cha kwanza kilichoniajiri, cha kukamua mafuta ya alizeti. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, aliyeteremka kutoka milima ya Mbulu na buti za mpira zilizomzidi mguu, akazijaza kwa soksi za sufu, mvua na jua. Kiswahili chake kilikwenda polepole, neno linatua kwanza, kisha linafuata jingine. Lakini akipaza sauti, viboko wa Ziwa Babati walizama, na waliozama mwaka ule wengine hawajaibuka mpaka leo.

Ilibidi apaze sauti. Kiwanda kile kilikuwa cha kutisha, na nasema hivi mimi ninayependa kupamba; hapa sipambi. Mkanda uliozungusha mashine kubwa ulipita usawa wa kifua cha mtu, mpana kama kiganja, na ukikatiza karibu nao unasikia upepo wake shingoni. Ndiyo maana mfukoni mwa koti lake la buluu Msimamizi alikuwa na mkasi. Asubuhi tulipanga mstari, naye akapita akitukagua kama mama anayekagua masikio. Uzi unaoning'inia, mkono wa shati uliolegea, ncha ya mtandio: kata! Hakuomba ruhusa. Mimi alinikata mkono wa shati jeupe nililolinunua kwa ajili ya picha ya mtihani.

"Mama, hili la picha!" nikalia.

"Piga picha ya kichwa," akasema. "Kichwa ndicho kinachosoma."

Kesho yake nilikuta shati langu juu ya gunia, mikono yote miwili imepunguzwa sawasawa na kupindwa kwa uzi mweupe, kazi safi ambayo fundi wa sokoni angeionea wivu. Sikuambiwa nani ameshona, na nilipomshukuru alinifokea kwa kumpotezea muda.

Alikuwa akiniita Mwanafunzi. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili, ninasoma masomo ya jioni ili nipate kidato cha nne, na kiwanda kizima kilinicheka. Wapakiaji walinisalimia "Shikamoo profesa" wakinitwisha gunia. Yeye hakunicheka. Ila nilipokosea kuhesabu magunia alisema, "Hayo ndiyo mnafundishwa jioni?" na ikaniuma zaidi ya kicheko chote.

Sasa nije kwenye barua. Kiwandani kwetu watu waliandika barua za kuacha kazi kama wengine wanavyoandika salamu. Jua likizidi, barua. Zamu ikibadilishwa bila taarifa, barua. Na kila barua ilipita kwa Msimamizi kabla ya kupanda juu kwa tajiri. Yeye aliikunja, akaitia katika mfuko ule ule wa mkasi, akasema: "Italala kwangu siku tatu." Siku ya tatu, wakati wa chai, angekuja kusimama mbele yako na kuuliza neno moja tu, "Bado?", yaani bado unataka kuondoka? Ukijibu bado, ilipanda. Karibu wote walijibu, "Basi, mama, nirudishie."

Barua yangu ya kwanza ilikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho, na maneno niliyokuwa nimejifunza wiki ile ile. Aliisoma mbele yangu kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Kidole kikasimama.

"Hapa. 'Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wangu.' Ndiyo nini?"

"Ni lugha ya barua, mama."

"Sababu gani? Mwanafunzi, mimi sikuulizi lugha. Unaogopa nini?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza swali lile. Nikasema ukweli: darasa linaanza saa kumi na moja jioni, zamu yangu inaisha saa kumi na mbili, mwalimu amesema nikikosa tena anafuta jina langu, na naogopa nitazeeka nikibeba magunia huku watoto wangu wamenipita kwa elimu.

"Hiyo ndiyo ungeiandika," akasema, akaitia mfukoni.

Siku ya pili alinihamishia zamu ya asubuhi. Kwa ajili hiyo aliitwa juu.

Hapa lazima nieleze "juu". Ofisi ya tajiri ilikuwa juu ya ngazi ya chuma, mlango wake una kioo cheusi, na mtu aliyeitwa juu alishuka amekuwa mdogo. Wanaume wenye vifua kama ng'ombe dume walishuka pale wakitafuta mahali pa kukaa. Nilimwona Msimamizi akivua buti, akavaa viatu vya kanisani alivyovihifadhi katika mfuko wa rambo, akajifuta mikono mara tatu kwenye koti, akashika chuma cha ngazi. Na chuma kikaanza kulia, kling, kling, kling, kama kijiko ndani ya kikombe. Ni mkono wake uliokuwa unatetemeka.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Naogopa. Nenda kazini."

Akapanda. Alikaa huko muda wa kuiva maharage. Aliposhuka alivaa buti zake, akamfokea wa kwanza aliyekutana naye, na mimi nikasoma mpaka nikapata cheti.

Ila msije mkafikiri alikuwa mpole. Mama Upendo, aliyekuwa akishona midomo ya magunia kwa sindano kubwa, alileta barua kwa sababu ya dereva mmoja wa lori aliyekuwa hamwachi apumue. Kila akija: "Mama Upendo, unashona gunia au sanda? Mume wako alikuonaje na mikono hiyo?" Wote tulicheka, na mimi nilicheka, nakiri. Msimamizi alimsubiri dereva ateremke, akazichukua funguo za lori, akazitia kifuani.

"Mama, nina safari ya Singida!"

"Shona kwanza. Hayo pale."

Magunia arobaini. Wengine husema mia nne, na mimi nikiwa na wasikilizaji wazuri sibishani nao. Dereva alishona mpaka vidole vikatoka malengelenge, na Mama Upendo amesimama pembeni yake akimwelekeza: "Kaza, baba. Hapo umeacha mdomo wazi kama wako." Barua yake aliomba arudishiwe siku ile ile.

Lakini kwenye kusifu, Msimamizi alikuwa hajiwezi kabisa. Kulikuwa na mzee wetu wa mashudu, aliyekusanya kwa koleo yale makapi yanayobaki baada ya kukamua. Alileta barua fupi kuliko zote: "Nimechoka. Hakuna anayeniona." Siku ya kwanza Msimamizi alizunguka rundo la mashudu asiseme kitu. Ya pili alizunguka tena. Ya tatu, watu wote tukiwa kwenye chai, alikwenda akasimama mbele ya mzee, akakohoa, akatazama dari, uso umemwiva kama anang'olewa jino.

"Mzee. Rundo lako limenyooka."

Kisha akakimbia. Kweli alikimbia, na zile buti. Mzee akabaki na kikombe mkononi. Alikaa kazini miaka mingine mitano, na rundo lake alilipima kwa kamba.

Jambo ambalo sikulielewa ni kwamba mtu huyu aliyewafanya wote wabaki ndiye aliyetuhimiza tuondoke. "Ukipata cheti, utoke," aliniambia kila mwezi. "Usinizoee." Nilipomuuliza mbona yeye hatoki, alinijibu kwamba ana mbuzi wa kulisha, jibu ambalo halikuwa jibu. Nilipopata cheti na kupeleka barua ya kweli, nilidhani atanikumbatia. Alininunia siku tatu! Alinipa kazi ya kusafisha shimo la mafuta machafu. Siku ya tatu akaja.

"Bado?"

"Bado, mama."

Akavaa viatu vya kanisani, akapanda, akashuka. "Haya. Toka. Na usije kurudi kusalimia."

Nikamtii, mjinga mimi. Miaka minne sikurudi. Nilisikia kwamba mtu mmoja pale alikatwa na mashine, kisha baada ya muda mfupi nikasikia Msimamizi naye ameacha na amehamia kwa mwanawe, kijiji cha Bonga. Nikasema ni umri. Wote tulisema ni umri.

Mimi nilipata kiwanda kingine, njia ya Nakwa, na kwa nguvu ya cheti changu nikawa kiongozi wa zamu. Niliapa kuwa kama yeye. Nilinunua koti la buluu. Nikapiga marufuku simu karibu na mashine. Wote wanaziacha ndani ya sanduku mlangoni. Na barua za kuacha kazi zikalala kwangu siku tatu, si pungufu. Lakini watatu, siku ya tatu nilipowauliza "Bado?", walijibu "Bado" bila hata kupepesa macho. Wa nne alikuwa Neema, binti mtulivu wa mashine namba mbili. Barua yake niliipokea Ijumaa. Jumamosi, saa nane mchana, nikapanda bodaboda kwenda Bonga kutafuta siri ya Msimamizi, nimebeba kilo mbili za sukari.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mbaazi. Amekonda. Buti ni zile zile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani?"

"Mwanafunzi."

Alinitazama kutoka viatuni mpaka kichwani. "Umenenepa. Nilikwambia usirudi. Kaa."

Nikakaa kwenye gogo, nikamweleza yote: watatu walioondoka, maneno ya tajiri, jinsi ninavyoogopa kila nikiona mtu ameshika karatasi. Nikamwambia kwa majivuno kwamba barua zinalala kwangu siku tatu kama zilivyolala kwake. Mikono yake ikasimama juu ya mbaazi.

"Na katika siku hizo tatu unafanya nini?"

"Nasubiri, mama. Hasira zipoe."

"Unasubiri." Alilirudia neno hilo taratibu. "Unayo ya sasa hivi?"

Nikaitoa mfukoni. Kwa ile tabia yangu ya maneno mengi, nilitaka kumweleza kwanza habari za Neema na ukoo wake, lakini alikwisha kuichukua. Akaisoma kwa kidole. Ilikuwa na mistari mitatu tu. Mimi nilikuwa nimeipitisha macho na kuiona haina adabu ya barua. *Kifuniko cha mkanda wa namba mbili kimetolewa. Nafanya kazi mkanda ukiwa wazi. Naogopa, naomba kuacha kazi.*

"Kimetolewa lini?"

"Alhamisi. Kimepelekwa kuchomelewa. Fundi ameahidi Jumatatu. Tajiri amesema msimu huu mashine hazilali, na mimi nimemwambia Neema akae kwa uangalifu."

"Na mashine inawaka sasa hivi?"

"Inawaka."

Mbaazi zilimwagika. Alikuwa amesimama na sinia limeanguka, na sikuwa nimewahi kuuona uso wake vile, hata chini ya ngazi ya chuma.

"Unamkumbuka Baba Anna?" akasema. "Ulimwacha pale, yule mrefu wa Mutuka. Aliniletea barua kama hii. Hivi hivi, kifuniko, mkanda. Nikasema italala siku tatu, mimi nitawasumbua huko juu mpaka kirudi. Nilipanda siku ya kwanza. Nilipanda ya pili. Nilikuwa huko juu nimesimama, nabembeleza, ndipo nikasikia mashine imebadilisha sauti." Akapeleka mkono mfukoni, lakini alikuwa amevaa gauni la nyumbani, halina mfuko. "Mkono wa kulia. Wote mpaka hapa. Na barua yake ninayo mimi. Mwanafunzi, mtu akiandika amechoka, ilaze. Akiandika anaonewa, ilaze, ukahangaike. Huyu ameandika mkanda uko wazi! Hiyo si ya kulaza! Hiyo unazima kwanza, halafu ndiyo unasoma! Piga simu!"

Nikapiga simu ya Neema. Ikaita. Ikaita mpaka ikakata, na nikaiona akilini mwangu, inaita ndani ya sanduku langu mlangoni, kwa amri yangu mwenyewe. Nikapiga ya mlinzi: haipatikani. Nikapiga tena ya Neema, nikabonyeza kimakosa ya shemeji yangu, akaanza kunisalimia habari za nyumbani, nikamkatia.

"Twende," akasema.

Tulipanda bodaboda watatu, dereva, yeye katikati, mimi nimening'inia nyuma kama mzigo wa mkaa. Nimesema napenda kupamba. Njia ile siwezi kuipamba, kwa sababu siikumbuki. Nakumbuka mgongo wake tu. Ulikuwa unatetemeka kama kile chuma, na alikuwa anamwambia dereva sikioni, bila kupaza sauti hata kidogo, "Mwanangu, ongeza. Mwanangu, ongeza."

Tulipokata kona ya kiwandani nilisikia kitu nisichokitarajia. Kimya. Kiwanda kinachonguruma mchana kutwa katika msimu, kimya. Nyumba za jirani zilikuwa na redio zinaimba, kwa hiyo umeme ulikuwepo.

Niliruka kabla pikipiki haijasimama. Watu wangu walikuwa wamesimama uwanjani kwa makundi. Neema alikuwa amekaa juu ya magunia ya mashudu, begi miguuni, mikono ameifunika ndani ya kitenge.

"Nionyeshe mikono," nikasema.

"Sijachukua kitu, bosi. Begi ni langu."

"Neema, nionyeshe mikono!"

Akaitoa. Miwili. Ina mafuta, ina vumbi la alizeti, mizima. Nikaishika yote miwili kama mwendawazimu na watu wananitazama.

"Mtandio ulivutwa na mkanda," akasema, na ndipo nikaona kichwa chake kiko wazi. "Ulinitoka wenyewe, ukapita. Nikazima swichi kubwa. Najua mmesema zisizimwe. Nikatwe mshahara, nifukuzwe, sijali, siwashi tena."

Msimamizi alikuwa ameingia ndani. Alitoka ameshika ule mtandio, umechanika vipande vitatu, akakaa kwenye magunia kando ya yule binti, akamfunika magoti na kitenge chake vizuri, kama anavyofunikwa mtoto.

Simu yangu ikaita. Tajiri. Nyumba yake haiko mbali, na kimya cha mashine kwake ni kama king'ora.

"Kwa nini sisikii mashine?"

"Imezimwa, tajiri."

"Nani kazima?"

Neema aliinua macho. Watu wote uwanjani walikuwa wananitazama.

"Mimi," nikasema. "Nimezima mimi. Na haitawashwa mpaka kifuniko kirudi."

Akasema mambo mengi. Akasema niende ofisini kwake Jumatatu saa mbili asubuhi, na nisisahau kuja na funguo za kiwanda. Nikajibu ndiyo, tajiri, na simu ikanidondoka kwenye mashudu.

Jumatatu saa moja na nusu Neema alikuja langoni amevaa nguo za safari. Nilikuwa na barua yake mkononi na funguo mfukoni. Nilimwambia kifuniko kimeletwa, nimekishika mwenyewe, kimefungwa.

"Nimekiona, bosi."

"Bado?" nikauliza.

"Bado. Siwezi kuusikia tena ule mkanda. Hata nyumbani nausikia."

Sikumbembeleza, ingawa alikuwa wa nne. Nilimwambia barua yake napanda nayo mwenyewe sasa hivi. Akaweka begi chini, akanipa mkono wa kuagana. Wa kulia. Niliushika muda mrefu kuliko inavyofaa, mpaka akacheka kidogo, akauvuta taratibu, akaokota begi lake kwa mkono ule ule na kwenda zake upande wa stendi.